Siku ya Tatu Mjini Shangwe

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa wapi?

— Pakawa mjini!

Mjini kuna nini?

— Kuna ngoma, kuna nyama, kuna taa!

Na nani kawapeleka huko?

— Hakuna!

Hakuna, nilijua. Basi sogeeni niwapeleke mimi, maana mkiwangoja waume zenu mtaota mvi mlangoni na vikapu mkononi. Na wewe hapo nyuma, acha kutafuna kwa sauti, hadithi hii haipendi walafi.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakioana kwa mahari na kugombana kwa bure kama sisi, aliishi Digidigi na mkewe. Digidigi mnamjua. Mdogo, miguu kama njiti za kiberiti, lakini akili zake zingejaza gunia. Mkewe, Bi Digidigi, hakuwa na nafasi ya kuwa na akili, maana alikuwa na kazi. Asubuhi maji, mchana kuni, jioni chungu. Tangu aolewe hajakaa kitako. Akikaa, mtoto analia. Akikaa, uji unafurika. Akikaa, mumewe anauliza, "Mke wangu, ile shuka yangu iko wapi?" Shuka yenyewe amejifunga.

Sasa mwaka mmoja sikukuu iliangukia Ijumaa. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, hakuna kazi. Bi Digidigi akaweka mwiko chini akasema:

"Bwana, twende Shangwe. Mimi na wewe tu. Watoto wabaki kwa dada yangu."

Shangwe ulikuwa mji wa nyani, juu ya majabali. Mji huo ngoma zake hazipoi, dum-dum, dum-dum. Wauza kahawa wanagonga vikombe, kling-kling, kling-kling. Njia nzima inanukia mkaa na nyama, na watu wanatembea wawili wawili hawana wanachokwenda kufanya. Bi Digidigi alikuwa ameusikia tu, hajaufikia.

Digidigi akafurahi. Akaanza kupanga, na kupanga ndiko alikokuwa akikuweza.

"Ijumaa tutazunguka soko. Jumamosi tutakwenda ngomani."

"Na Jumapili?"

"Jumapili alfajiri tunarudi."

Bi Digidigi akamtazama. "Hapana, bwana. Soko ni lako, ngoma ni yako. Mimi naitaka hiyo Jumapili. Nataka nikae kwenye kiti, kiti cha kuegemea, na mtu asiyekuwa mimi aniletee chai. Basi. Sina jingine ninalolitaka duniani."

Digidigi akajikuna pembe. "Mke wangu, Shangwe wana desturi yao. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

"Si msemo wa kila mahali huo?"

"Kila mahali wanausema. Shangwe wanaufanya. Marehemu bibi yangu alikuwa mpishi huko, akaniambia. Jumapili asubuhi ngoma inapigwa, mgeni anakabidhiwa jembe mbele ya watu, anaonyeshwa shamba, na lango halifunguliwi kwake mpaka alimalize. Ila aliyeingia mjini na kazi yake, mpagazi au mbeba maji, huyo Jumapili hupewa kiti, na wenye mji humhudumia yeye."

"Basi tuingie kama wapagazi!"

"Wapagazi wa nani? Nani atatupa mzigo sisi na migongo hii?"

Bi Digidigi akainua mwiko wake, akaanza tena kukoroga. Hakulia. Alikuwa amezoea. Digidigi ndiye aliyepandisha hasira akapiga kelele: "Ndiyo hivyo! Wenzetu wale mishikaki, sisi tule uji!"

Loo! Masikio ya mlafi huchagua ya kusikia. Nje kwenye njia alikuwa anapita Fisi, na katika maneno yote hayo alisikia neno moja tu, mishikaki.

"Wuuu-wup!" Kichaka kikapasuka, Fisi huyo ndani.

Huyu Fisi alikuwa jirani yao, na ujirani wake ulikuwa wa kuchukua. Mwaka juzi alichukua maboga yao yote. Mwaka jana alichukua mlango wa nyumba, akauotea moto. Digidigi alipomwendea kulalamika, alimuuliza kama kuna mlango mwingine.

"Shikamoo, bwana mkubwa," akasema Digidigi.

"Marahaba. Mishikaki iko wapi?"

"Shangwe, bwana mkubwa. Tulikuwa tunawaza tu kwenda kupumzika, mimi na mama watoto, hii sikukuu."

"Msiwaze. Kuwaza kunachosha wadogo. Nitakwenda mimi na mke wangu, nasi tuna ndoa. Nyinyi mtabeba mizigo."

Bi Digidigi akafungua kinywa alie. Mumewe akamkanyaga mguu, kidogo tu. Akakifunga kinywa.

"Ukisema wewe tumesema wote, bwana mkubwa," akajibu Digidigi, na macho yake yakameta.

Fisi alipoondoka, Bi Digidigi akamgeukia mumewe. "Akila siku zake mbili akatuambia turudi, je? Kiti changu nitakipata wapi?"

"Hatarudi."

"Utamdanganya?"

"Nikimdanganya atashtuka, amezoea kudanganywa. Nitamwambia kweli, mke wangu. Atajidanganya mwenyewe."

Mnasikia? Kuna watu kweli haiwaingii mpaka iwavunje jino.

Ijumaa alfajiri wakashika njia. Fisi mbele, tumbo mbele yake. Bi Fisi nyuma, kichwa chini. Digidigi na mkewe nyuma kabisa, mizigo juu, kwato zinalia ta-ta-ta, ta-ta-ta. Na siku zile Bi Fisi hakuwa huyu mnayemjua. Alikuwa mdogo kuliko mumewe, mwembamba, mbavu unazihesabu. Alikula kile alichobakisha mumewe, na mumewe alikuwa habakishi.

Walipofika kwenye mlima, Bi Digidigi akaanza kuhema. Bi Fisi akapunguza mwendo.

"Lete hicho kikapu, shoga."

"Mumeo ataona."

"Mume wangu hageuki nyuma. Tangu anioe hajageuka."

Akakichukua kikapu, akakibeba mlima mzima. Bi Digidigi akamuuliza, ili tu kuwe na neno, "Na wewe mwenzangu, mjini unataka kuona nini?"

Bi Fisi akahamishia kikapu bega la pili. "Sijui. Sijawahi kuulizwa." Kisha akasema polepole, "Labda hiyo ngoma. Nitasimama pembeni. Si lazima nicheze."

Langoni Shangwe wakapokewa na Bi Kirembwe, nyani mwenye nyumba ya wageni, kanga mbili mpya, wanja hadi kwenye masikio.

"Karibuni, karibuni! Wageni ni nani?"

"Mimi!" akasema Fisi. "Mimi na mke wangu."

"Na hawa?"

"Wapagazi tu hao."

"Wapagazi," akarudia Bi Kirembwe, akafunga fundo kwenye ncha ya kanga yake asije akasahau.

Ijumaa ile Fisi alikula. Mishikaki, nyaku! Mkate wa kumimina, nyaku! Supu ya kongoro na sufuria yake, nyaku-nyaku! Bi Fisi alikaa ukutani anampepea. Digidigi akaja na mtungi wa maji, akainama.

"Bwana mkubwa, nakuomba kesho jioni turudi. Jumapili mgeni hupewa jembe."

Fisi akacheka mpaka mfupa ukamtoka puani. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe! Mama mkwe wangu alikuwa na kanga yenye maneno hayo. Nilikaa kwake mwezi mzima nikila kuku wake, na hilo jembe sikuliona. Maneno ya kanga hayo, kijana."

Jumamosi Fisi alikula. Nyaku! Nyaku! Nyaku-nyaku! Akavimbiwa, akalala chali, akamwambia mkewe amsugue tumbo. Nje ngoma ikaanza. Dum-dum, dum-dum. Mji wote ulikuwa huko, mume na mkewe, mume na mkewe. Bi Fisi aliisikia ngoma kupitia ukuta, mkono wake ukisugua tumbo, na mguu wake mmoja ukawa unagonga sakafu bila yeye kujua.

Digidigi akaja na mtungi. "Bwana mkubwa, jua halijazama. Tuondoke. Jembe ni la kweli."

"Wewe," akasema Fisi, jicho moja wazi. "Mbona unanihimiza hivyo? Unataka mimi niondoke, Jumapili ubaki wewe na mkeo?"

"Haki ya Mungu, bwana mkubwa, ni jembe."

"Unaapa! Basi Jumapili kuna kitu kikubwa. Ng'ombe mzima. Sitoki!"

Digidigi akatoka akicheka kwa ndani, mabega yanamtetemeka. Mkewe alikuwa kisimani anachota maji. Naye hakucheka.

"Na Bi Fisi, je?"

"Bi Fisi amefanya nini?"

"Hajafanya kitu. Ndiyo nauliza. Alinibebea kikapu."

"Jembe anapewa mgeni, mke wangu. Mgeni ni Fisi. Kwani mkewe ana ubaya gani nasi?"

Bi Digidigi akalitaka jibu hilo liwe kweli, akalichukua. Mtu akitaka sana kukaa, hachunguzi kiti.

Jumapili asubuhi, dum! dum! dum! Nyani wakajaa uwanjani, wakajaa juu ya ukuta, wakaning'inia madirishani. Fisi akatoka ananyosha kidevu, mate yanamtiririka, anatafuta ng'ombe. Bi Kirembwe akamjia mbele ya watu wote, akampa kwa mikono miwili. Fisi akapokea kwa mikono miwili. Akatazama.

Jembe. Mpini mpya, limenolewa.

"Hii ni nini?"

"Jembe, mgeni wetu. Jana na juzi umekula chetu. Leo lima lako. Shamba ni lile, kutoka mbuyuni mpaka mtoni."

"Lakini huu ni msemo!"

"Kwenu," akasema Bi Kirembwe.

Fisi akatazama lango, limefungwa. Akatazama ukuta, nyani meno nje. Akamtazama Digidigi, na Digidigi akainama kwa heshima zote.

"Nilikwambia, bwana mkubwa."

Hapo mji mzima ukaangua kicheko. Na mimi hadithi hii ningeimalizia hapo, mkanipigia makofi, tukaenda zetu kulala, mdogo kamshinda mkubwa. Nyinyi ndivyo mnavyopenda, namjua kila mmoja wenu. Lakini haikuishia hapo.

Fisi alilibeba jembe mpaka shambani. Akafika chini ya mti wenye kivuli. Akageuka nyuma, kwa mara ya kwanza tangu aoe.

"Shika," akamwambia mkewe.

Bi Fisi akashika. Fisi akalala.

Kijana mmoja wa kinyani juu ya ukuta akapiga kelele, "Bi Kirembwe! Jembe alipewa yule, mbona analima huyu?"

Bi Kirembwe akajitanda kanga yake vizuri. "Jembe limetua kwenye nyumba yao. Humo ndani nani analishika, mambo ya mke na mume hayaingiliwi."

Nyani wote wakatikisa vichwa. Hayaingiliwi. Kweli, hayaingiliwi. Na ngoma ikaendelea. Laana yake neno hilo! Lingekuwa na shingo ningelinyonga.

Bi Fisi akalima. Tindi! Tindi! Tindi! Na kulima bila wimbo ni kufa mara mbili, basi akaimba. Niitikieni:

Jembe la nani?

— La mume wangu!

Mkono wa nani?

— Mkono wangu!

Shibe ya nani?

— Ya mume wangu!

Njaa ya nani?

— Njaa yangu!

Huku nyuma, kwenye baraza ya nyumba ya wageni, Bi Kirembwe alifungua lile fundo la kanga. Akaleta viti viwili vya kuegemea, vyenye mito. Digidigi akakaa, miguu haifiki chini. Bi Digidigi akakaa. Mgongo wake ukagusa kiti, akafumba macho, na akatoa pumzi aliyokuwa ameizuia tangu siku ya harusi.

Wakamletea chai. Birika ya shaba, vikombe vyenye maua, iliki imepondwa inanukia nyumba nzima. Bi Kirembwe akainama mbele yake.

"Leo wenye mji ni nyinyi, mama. Ukitaka lolote, sema. Neno la mwenye kiti halirudishwi."

Bi Digidigi akafumbua macho. Na kiti kilikuwa kimewekwa kuelekea shambani.

Aliona jembe linapanda, linashuka. Aliona mbavu. Aliona Fisi chini ya mti, mdomo wazi. Wimbo ulikuwa unamfikia, neno kwa neno.

"Mke wangu, chai itapoa," akasema Digidigi. "Tumemshinda! Kunywa."

Alijua. Msije mkaniambia hakujua. Alikuwa na neno moja lisilorudishwa, na lingetosha. Angesema, mleteni yule mwanamke akae. Angesema, mwamsheni yule mwanamume. Kijiko kimoja cha maneno. Lakini aliwaza, je, wakimwambia yeye ndiye asimame ampishe? Aliwaza, kesho nitakuwa na mtungi kichwani, na keshokutwa, mpaka nife. Aliwaza, leo tu. Leo tu, jamani.

"Mama," akasema Bi Kirembwe, "unataka nini?"

"Niongezee sukari," akasema Bi Digidigi.

Akasimama kidogo, akakigeuza kiti kikatazama barabara. Akakaa. Akanywa chai yake yote. Waliokuwepo wanasema ilikuwa tamu sana.

Kesho yake Digidigi na mkewe wakarudi nyumbani. Bi Fisi akabaki analima. Alilima masika, alilima kiangazi. Wenye mji walimlisha mkulima, hiyo nayo ni desturi, na mkulima alikuwa yeye. Tindi! mabega yakapanuka. Tindi! shingo ikajaa. Tindi! taya zikakaza. Na yule pale chini ya mti, kila alipoamka alikuwa amepungua, maana jembe lilipopita mikononi mwa mkewe lilipita na chakula chake. Siku jembe lilipogusa mto, lango likafunguliwa. Akatoka Bi Fisi mbele. Mumewe akatoka nyuma, kichwa chini.

Walipofika pangoni wakakuta mzoga. Fisi akarukia kama kawaida yake, nya— Akasikia mngurumo. Akainua macho. Mkewe alikuwa amesimama juu yake, mkubwa, mpana, anaziba jua.

"Kaa kule," akasema Bi Fisi. "Nikishiba, tutaona."

Ndiyo maana mpaka leo fisi jike ni mkubwa kuliko dume, na dume hula mwisho. Hamniamini, waulizeni wanaokaa na mifugo karibu na mbuga.

Kijiji kizima kikashangilia. Digidigi alitembea nyumba kwa nyumba ta-ta-ta, anasimulia: "Mimi ndiye! Nilimweza kwa kweli tupu, sikusema uongo hata mmoja!" Na ni sawa, hakusema.

Jioni moja Bi Digidigi alikuwa kisimani, peke yake. Kivuli kikamwangukia. Alipogeuka, Bi Fisi alikuwa amesimama, meno yake yote anayo, na njia ni moja tu.

"Shoga," akasema Bi Fisi, kwa upole.

"Naam, dada."

"Ile chai. Ilikuwa na iliki?"

Mtungi ukamteleza Bi Digidigi, ukapasuka, pwaa! Alitaka kusema sikunywa. Alitaka kusema sikukuona. Lakini alikuwa anatazamwa usoni.

"Ilikuwa nayo," akasema.

"Nilijua. Upepo ulikuwa unatokea kwenu."

Hakumla. Ingekuwa nafuu. Akainama, akanywa maji, akajipangusa mdomo na kwenda zake. Na Bi Digidigi, tangu siku ile, chai haipiti. Huitengeneza, huitia iliki, huitazama, huimwaga mlangoni. Mumewe anamuuliza, "Mke wangu, unaumwa?"

Hapo ndipo nilipofika na hadithi, nayo ikakataa kuendelea. Aliyeipenda aifunge kwenye ncha ya kanga, aliyeichukia aiache uani ilale na mbwa.

Na funzo, maana najua hamtaondoka bila funzo. Nyinyi mlio kwenye ndoa, safirini! Ikitokea sikukuu, nendeni mjini wawili wawili, mapumziko ni dawa ya mapenzi. Mambo ya mke na mume wa watu msiyaingilie. Na mkipewa kiti, wala msione taabu, kigeuzeni tu mpaka mpate mandhari nzuri.